Mke wangu ana homa ya tezi, nimsaidieje?

Mkulima wa Uyole: Wakuu, habari za jioni. Mke wangu alianza na koo hadi kumeza mate ikawa shida, homa juu, shingo ikavimba pande zote mbili. Malaria tulipima, hamna. Duka la dawa wakampa amoksilini, mara vipele mwili mzima. Hospitali wakasema ni homa ya tezi, virusi vya Epstein-Barr, apumzike tu. Koo limepoa ila nguvu hana: anakunywa chai, anarudi kulala. Mama yangu anasema ni uvivu, eti kakwepa kuvuna viazi. Nifanyeje? Na mimi nitaipata?

Mnyalu: Pole mkuu. Ilinishika nikiwa chuo Iringa. Uchovu wake hukaa wiki kadhaa, wengine miezi. Siku ukipata nafuu ukafua nguo zote, kesho yake hunyanyuki. Afanye kidogo, aache kabla hajachoka.

Kijana wa Mafinga: Mpe ulanzi damu ichangamke 😂

Nesi Mstaafu: Wewe wa ulanzi, koma. Homa hii husumbua ini, pombe hapana.
Mwanangu, vipele hivyo hutokea sana mgonjwa wa homa hii akipewa amoksilini, si lazima awe na mzio. Antibiotiki haiui virusi. Parasetamoli, maji na uji vinatosha. Kubwa ni bandama: huvimba na linaweza kupasuka. Asibebe kitu kizito hadi daktari aruhusu. Akipata maumivu makali ya ghafla juu ya tumbo kushoto, au akishindwa kupumua, usisubiri kukuche. Na VVU mmepima? Maambukizi mapya hufanana sana na haya. Pimeni wote.

Mkulima wa Uyole: Shikamoo mama. Tumepima, tuko salama. Na hili la kuambukizana?

Nesi Mstaafu: Marahaba. Hupita kwenye mate. Watu wazima wengi tuliipata utotoni bila kujua, huenda nawe pia. Hata hivyo kikombe chake kiwe chake, na mabusu yasubiri.

Mama wa Tukuyu: Mmesahau mama mkwe. Kaka, hilo ni lako, usimwachie mgonjwa ajitetee. Siku ya kurudi kliniki nenda na mama, amsikie daktari kwa masikio yake. Mkwe akisema anachoka anaonekana jeuri; daktari akisema, mama ndiye atakuwa wa kwanza kumpikia uji.

Mkulima wa Uyole: Hapo umenena dada. Viazi nitatafuta vibarua. Mama nesi, hata ndoo ya lita 10 asibebe?

Nesi Mstaafu: Hata hiyo. Beba wewe.