Fimbo za skii za kuvukia Hardangervidda: urefu gani, na za kipande kimoja au za kurefusha?

Mgeni_wa_Drammen

Wakuu, habari za baridi. Naomba mwongozo wa fimbo. Safari ni kuvuka Hardangervidda (Vidda), uwanda wa juu wa milimani kusini mwa Norwei, kutoka Finse hadi Haukeliseter wiki moja kabla ya Pasaka, kupitia vibanda vya Krækkja, Sandhaug, Litlos na Hellevassbu. Skii ni fjellski (skii za milimani) zenye kingo za chuma, shanta kilo 14, sleji hakuna. Urefu wangu sm 172.

Fimbo nilizonazo ni za njia zinazochongwa na mashine: kaboni, sm 145, na kile kisahani cha chini ni kidogo, umbo la nusu mwezi. Dukani kuna alumini ya kipande kimoja, alumini ya vipande viwili inayofungwa kwa klipu, na kaboni ya vipande vitatu inayofungwa kwa kusokota. Je, za zamani zinatosha? Kama hazitoshi, nichukue zipi kati ya hizo?

Fundi_wa_Nta

Mkuu, hizo za 145 ziache nyumbani, na urefu si sababu kubwa. Sababu ni kisahani. Nusu mwezi ni kwa theluji iliyoshindiliwa. Huko Vidda upepo unafagia mgongo wa kilima mpaka unakuwa mgumu kama sakafu, halafu theluji yote hiyo inarundikwa bondeni ikiwa laini. Ukifika bondeni na kisahani kidogo, fimbo inazama, bega linaifuata, na kilo 14 za mgongoni zinakumalizia. Tafuta kisahani chenye kipenyo cha sm 8 hadi 10. Kikizidi hapo kinagonga skii na kunasa kwenye ukoko wa barafu.

Kishike ukiinamishe kabla ya kulipa. Kinachoinama hulala sawa na mteremko unapopita kwa ubavu. Kigumu husimama kwa ukingo mmoja na kuinua ncha itoke kwenye theluji, na hilo hutokea pale pale unapoegemea. Ncha yenyewe iwe ya tangsteni kabidi, maana kwenye maziwa yaliyofagiwa na upepo ncha ya chuma laini inakuwa butu na kuteleza.

Sasa urefu. Kwenye njia za mashine wengi huchukua asilimia 83 hadi 85 ya urefu wa mwili (FIS, shirikisho la kimataifa la skii, tangu msimu wa 2016/17 hairuhusu zaidi ya 83 katika mashindano ya klasiki, yaani mtindo wa skii kwenda sambamba). Mlimani punguza. Vaa viatu utakavyosafiria, simamisha fimbo sakafuni, mwisho wa mpini uwe kati ya kwapa na bega. Kwako hiyo ni 135 hadi 140. Shanta linakuinamisha mbele, na kwenye kupanda fimbo ndefu inalazimisha mkono kuinuka juu ya bega kila hatua. Jioni utaamini ni shanta limekuumiza mabega, kumbe ni fimbo. Pima kwa futi yako mwenyewe, kwa kuwa namba zilizochapwa hazihesabiwi namna moja: wengine hupima hadi kilele cha mpini, wengine hadi mkanda unapotokea.

Kwa safari hii ningechukua alumini ya kipande kimoja, 135. Haina cha kulegea wala cha kuganda.

BintiMakunduchi

Kisahani na urefu namuunga mkono Fundi. Kipande kimoja, hapana, si kwa njia hii. Upande wa mashariki wa Vidda ni tambarare, lakini ukielekea Litlos na Hellevassbu vilima vinakaribiana, unapanda na kushuka. Juu ya ziwa gumu ukisukuma fimbo zote mbili kwa pamoja utatamani 145. Kupanda, 135. Kushuka kwa muda mrefu, 120, kiwiko kikae pembe mraba, usiinue mikono na kupoteza mizani. Fimbo moja haiwezi kuwa vyote hivyo.

Chukua vipande viwili. Vitatu faida yake ni kuingia ndani ya begi tu, na kila kiungo ni mahali pengine pa kulegea. Ile ya kusokota mlimani wakati wa baridi siipendekezi kwa mtu yeyote. Ndani ya bomba kuna kizibo cha plastiki kinachotanuka. Unyevu ukiingia unakuwa barafu, kizibo kinazunguka bila kushika, na kwa glavu nene huna nguvu ya kukikaza.

Klipu nayo ina kanuni zake. Skrubu yake irekebishe ukiwa nje kwenye baridi, usiifanye sebuleni. Plastiki na chuma hunywea, kwa hiyo iliyoshika vizuri kwenye nyuzi 20 inaweza kuteleza kwenye hasi 15. Ikifungwa uhisi ukinzani kuanzia katikati ya safari yake. Halafu weka viganja vyote viwili juu ya mpini, egemea kwa uzito wako wote. Ikishuka hata kidogo, kaza robo mzunguko ujaribu tena. Usikaze mpaka klipu inafungwa kwa kupigana nayo, plastiki iliyoganda inapasuka. Na bomba la ndani lisivutwe kupita alama ya mwisho, kwa sababu likishikwa na sentimita chache tu linapinda pale kiungoni.

Kila jioni chomoa vipande kabisa, vipanguse, viegemeze vikauke mbali na jiko. Mafuta usitie, yatafanya kufuli iteleze.

Mgeni_wa_Drammen

Asanteni sana. Dada Binti, muuzaji anashikilia kwamba kaboni ina nguvu kuliko alumini. Ni kweli? Na mikanda ya mkononi: za zamani zina ile ya kuvaa kama nusu glavu. Niitafute hiyo hiyo?

Mfuata_Matawi

Naomba nidakie. Muuzaji hasemi uongo, ila amekupa nusu ya jibu. Kaboni ni imara ukiisukuma kutoka juu kwenda chini. Ubavuni ni habari nyingine. Skii zako zina kingo za chuma, na kila ukigeuka au ukianguka kingo hizo zinapiga sm 30 za chini za fimbo. Mkwaruzo unakata nyuzi chache za kaboni, huoni kitu, na siku mbili baadaye fimbo inakatika ghafla ukiwa umeiegemea. Alumini hupinda kwanza. Fimbo iliyopinda itakufikisha kibandani, iliyokatika hapana. Zipo zenye kaboni juu na alumini chini, na huo ni mpangilio mzuri kama fedha inaruhusu, maana sehemu ya chini ndiyo inayopigwa, ingawa wepesi wake ungeusikia mkononi.

Alumini ikipinda, inyooshe taratibu juu ya goti kiasi cha kutembelea tu. Usitafute unyoofu wa dukani. Kuikunja tena na tena mahali palepale ndiko kunakoivunja.

Beba vya kuungia: bomba la alumini lenye urefu wa sm 15 lililopasuliwa kwa urefu, klipu mbili za mpira wa maji, kibisibisi chake, utepe mpana wa kitambaa mita 2 au 3, na kisahani kimoja cha akiba. Fimbo ikikatika, funika mkato kwa lile bomba, nusu kila upande, kaza klipu moja kila mwisho, kisha zungushia utepe juu ya klipu zisikate glavu. Utepe ukae mfuko wa ndani kifuani. Wengi huuviringisha kwenye fimbo, lakini gundi iliyoganda haishiki.

Mikanda: chukua mpana, wa kawaida, unaolegezwa mpaka glavu nene ipite. Ingiza mkono kutoka chini, shusha kiganja juu ya mkanda na mpini kwa pamoja. Nguvu ipite kwenye mkanda, vidole vikae vimelegea, navyo vitabaki na joto. Ile ya nusu glavu ni ya mbio. Mlimani unatoa mkono mara nyingi, kwa ramani, chupa, zipu, na kuifungua kwenye upepo ni mateso.

Kisha hili ulishike sana. Ukikatiza mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, au ukipita chini yake, toa mikono kwenye mikanda. Poromoko la theluji likikuchukua, fimbo zilizofungwa mkononi zinakuvuta chini na huwezi kuleta mikono usoni kulinda nafasi ya kupumua. Tahadhari hutolewa kila siku na Varsom, huduma ya Norwei ya kuonya kuhusu maporomoko ya theluji, isome kabla ya kutoka.

BintiMakunduchi

Naongezea kwa Mfuata, kwa sababu nyuzi 30 hazikadiriki kwa jicho. Fimbo mbili za urefu sawa zinapima. Fanya kwenye kilima kidogo salama chenye mwinuko unaofanana, usiende katikati ya mteremko wenyewe. Laza fimbo moja kuelekea bondeni moja kwa moja, weka alama mahali ncha zake mbili zilipofika. Shika ncha kali kwenye alama ya juu, inua upande wa mpini. Ning'iniza fimbo ya pili wima kutoka kwenye mpini huo, uinue au kuushusha mpaka ncha ya ile ya pili iguse theluji. Ikigusa kwenye alama ya chini, ni nyuzi 30. Ikigusa chini zaidi ya alama, mteremko ni mkali kuliko hapo. Za kurefusha zisawazishe kwanza.

Fundi_wa_Nta

Binti amenishawishi kuhusu Litlos. Kwa maziwa na vilima vya njia hiyo, vipande viwili vya klipu sitavipinga, mradi kufuli ijaribiwe baridini kama alivyoeleza.

Jambo moja halijasemwa: mshikio wa pili. Chagua fimbo ambayo chini ya mpini ina sm 15 hadi 20 za povu gumu. Ukikatiza mteremko, mkono wa upande wa mlimani unashuka hapo na huhitaji kusimama kufupisha fimbo. Ikiwa haina, funga utepe wa mpini wa baiskeli mahali hapo. Chuma kitupu hakishikiki kwenye hasi 15 hata ukiwa na glavu. Mpini wa juu uwe wa koki au povu, kwa kuwa mpira mgumu unanyonya joto la kiganja.

Na kabla ya kuondoka dukani vuta visahani vyote viwili kwa nguvu. Kinachozunguka au kusogea leo kitabaki kwenye theluji siku ya kwanza.