Triund wikendi moja kutoka Delhi, kundi la watu 14: tulale juu au tushuke siku hiyohiyo?

Mwana wa Majengo
Assalaam aleikum wana baraza. Tuko 14, tunasoma chuo Delhi, wengi wetu ni wa Mombasa na sasa tumo nyumbani likizoni. Oktoba tunataka kwenda Dharamshala, mji wa milimani kaskazini mwa India: tuondoke Ijumaa usiku, Jumamosi tupande Triund, tulale kwenye mahema kileleni, Jumatatu tuwe darasani. Hakuna aliyewahi kupanda mlima. Mpango unawezekana? Na nini tununue huku kabla hatujarudi?

Ngazi kwa Ngazi
Wa aleikum salaam. Wikendi inatosha, ila siku mmezipanga kinyume.

Kwanza, Triund si kilele. Ni uwanda wa nyasi kwenye mgongo wa mlima, mita 2,850 hivi, na safu ya milima ya Dhauladhar imesimama mbele yako kama ukuta. Kwa kipimo cha kwetu, Vuria kule Taita ina mita 2,208. Wanafunzi wengi hufika Triund. Kinachowaangusha ni basi: kutoka Kashmere Gate, stendi ya mabasi ya Delhi, ni karibu kilomita 480, saa 10 hadi 12, na mwisho wake ni kona juu ya kona. Mnashuka McLeod Ganj, mtaa wa juu wa Dharamshala, asubuhi hamjalala, wengine wametapika njia nzima, kisha mnaanza kupanda na mabegi ya kulalia. Hapo ndipo kundi linapokatika.

Jumamosi laleni hadi adhuhuri. Alasiri tembeeni Bhagsu, kijiji kipo kilomita 2 tu, mpande hadi kwenye maporomoko yake ya maji. Miguu itajua kazi inayokuja. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi muwe tayari penye hekalu la Gallu, juu ya kijiji cha Dharamkot. Teksi hufika hapo, na mnaokoa kilomita kadhaa kati ya zile 9 za kutoka mjini. Wageni wa mlima wahesabu saa nne za kupanda. Njia inaonekana vizuri na ni ya mawe, lakini kilomita ya mwisho ina kona 22 za kubana na ndizo zinazovunja watu. Punguzeni mwendo mapema, si mkifika pale. Hata mkichelewa, saa tano mko juu, mnakaa saa moja, saa tisa alasiri mko chini. Kateni tiketi ya basi la saa moja jioni au baadaye, maana mmoja akiteguka kifundo mtashuka kwa mwendo wake yeye.

Kulala juu, mimi nasema hapana kwa safari hii. Ruhusa ya mahema iko mikononi mwa idara ya misitu na hubadilika, na hali ya hewa ikiharibika njia hufungwa. Mkiwa na usiku mmoja tu hamna nafasi ya kungoja.

Bale la Kongowea
Nguo nunueni hukuhuku, mitumba ya Kongowea ina majaketi ambayo kwa joto letu hayana mnunuzi. Kila mtu: sweta moja la sufu au la flisi, na koti la kuzuia upepo na mvua. Jinzi na fulana ya pamba muache. Pamba ikilowa jasho haikauki, na mkisimama kupumzika upepo wa juu unawakamata mgongoni. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila mkipanda mita 1,000, kabla hamjahesabu upepo.

Viatu ndiyo nawaomba sana muangalie. Buti la mtumba huweza kupendeza juu na soli yake imeoza ndani. Likunje katikati, kisha bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha. Ukiona ufa mwembamba, au unga unabaki kwenye kidole, liache hata kama ni la bure. Aina hiyo ya soli huharibika kwa unyevu wa miaka hata kama halijavaliwa, na hubanduka yote kwa mara moja, mara nyingi wakati wa kushuka. Raba yenye meno iliyozoea mguu wako ni afadhali. Vaeni wiki mbili kabla, mpande ngazi nazo.

Maji lita 2 kwa mtu. Vibanda vya chai na Maggi (tambi za haraka) vipo njiani, ila vitu hupandishwa kwa nyumbu, kwa hiyo bei nayo hupanda.

Bi Afya
Wanangu, kabla ya yote ulizaneni nani ana selimundu (sickle cell). Pwani yetu ugonjwa huu upo, na hewa ikiwa nyepesi chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Mwenye ugonjwa asipande bila daktari wake kumruhusu. Hata mbebaji tu, aliyerithi kwa mzazi mmoja na haumwi, akisikia maumivu makali ubavuni kushoto chini ya mbavu, ashushwe papo hapo, ni bandama hiyo. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni, si kwenye begi la mwenzake.

Kuanzia mita 2,500 hivi mtu wa pwani anaweza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Apumzike na anywe maji. Ikizidi, au akianza kuyumba, dawa ni kushuka, na asishuke peke yake. Wekeni mtu mmoja mtulivu nyuma kabisa, pasiwe na yeyote anayebaki nyuma yake.

Mwana wa Majengo
Shukran sana, tumebadilisha, tunapanda na kushuka Jumapili hiyohiyo. Nyumba za kulala tulipe mapema? Na chakula cha halali?

Ngazi kwa Ngazi
Msilipe kabla ya kuuliza swali moja: mnapokea wageni wa nje? Hoteli ya India lazima ipeleke kwa serikali taarifa za kila mgeni asiye raia ndani ya saa 24. Nyumba ndogo nyingi hazijajisajili kwa hilo, na mtarudishwa mlangoni hata kama mmelipa. Bebeni pasipoti yenyewe, viza na karatasi ya usajili wa mwanafunzi, nakala pekee haitoshi.

Tarehe 2 Oktoba ni siku ya Gandhi, sikukuu ya taifa. Ikigusa wikendi mabasi hujaa mapema. Chagueni wikendi ya katikati ya mwezi, mvua za masika ya kule zimekwisha. Jua wakati huo huzama kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni, basi tochi ya kichwani muwe nayo.

Bi Afya
Chakula, msiposadiki nyama shikeni dengu, wali na chapati, vya mboga viko kila kona. Na kibla wanangu: huku tunaelekea kaskazini, kule ni magharibi, imeelemea kusini kidogo.