Kitanda cha miale, rangi ya kupuliza au losheni: naomba ushauri kabla ya safari

Binti wa Mtwivila (Iringa)
Kamwene, ndugu zangu. Nilipaka mkorogo kwa miaka minne, na tangu nilipouacha mwaka jana uso na mikono yangu imebaki na mabaka, huku peupe na kule peusi. Mwezi wa tisa ninakwenda kusoma Ujerumani, na rafiki yangu aliyeko huko ananieleza kwamba zipo saluni ambazo mtu hulala ndani ya kitanda chenye taa hadi ngozi ikolee, wengine hupuliziwa rangi mwili mzima, na wengine hujipaka losheni nyumbani. Sijawahi kuingia katika saluni ya namna hiyo. Ni njia ipi itakayosawazisha ngozi yangu bila kuidhuru?

Nesi wa Uyole (Mbeya)
Mdogo wangu, nianze na kitanda, kwa kuwa ndicho ninachokuogopea. Taa zake hutoa miale ya urujuanimno kama ya jua, na sehemu yake kubwa ni ile inayopenya mpaka ndani ya ngozi. Mwaka 2009 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vitanda hivyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, ambamo tumbaku pia imo. Brazili ilivipiga marufuku kwa matumizi ya urembo mwaka huohuo, na huko Ujerumani aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuvitumia. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini yako imepunguziwa kinga hiyo, kwa sababu mkorogo mara nyingi huwa na haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi, na krimu za steroidi, zinazoikondesha. Mabaka nayo hayatasawazika, maana sehemu zilizokwisha kuwa nyeusi huzidi kukolea zipatapo miale. Angalia pia dawa unazomeza: doksisaiklini, septrini na baadhi ya dawa za presha huifanya ngozi iungue upesi.

Kijana wa Makambako
Naomba kuuliza, je, dakika chache za kitanda hazimsaidii kupata vitamini D wakati wa baridi ya huko?

Nesi wa Uyole (Mbeya)
Hapana, kaka. Vitamini D hupatikana kwa vidonge na samaki wenye mafuta, bila kuihatarisha ngozi.

Mama wa Tukuyu
Niliwahi kufanya kazi katika saluni ya aina hiyo nchini Uingereza. Rangi ya kupuliza haitumii miale. Kemikali yake huungana na tabaka la juu la ngozi iliyokufa, hudhurungi ikajitokeza baada ya saa kadhaa na kufifia katika muda wa wiki moja hivi. Unatakiwa ujisugue siku moja kabla, uende bila losheni wala manukato, uvae nguo pana za rangi nyeusi, na usioge mpaka muda watakaokuambia upite. Dai kinga ya macho, midomo na pua, kwa sababu dawa hiyo haifai kuvutwa ndani. Losheni ya kujipaka ina kemikali ileile, ni nafuu kwa bei, nawe unaweza kuijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Kwa ngozi iliyochoshwa na mkorogo ningeanzia hapo, na iwe baada ya kumwona daktari. Huwa inashika zaidi kwenye viwiko na magoti, palipo pakavu. Zote mbili hazimkingi mtu na jua.

Binti wa Mtwivila (Iringa)
Ndaga fijo, dada na mama. Kitanda nimekiondoa kabisa katika hesabu zangu, na wiki hii ninakwenda kwa daktari wa ngozi. Makopo ya mkorogo bado ninayo, nimpelekee?

Nesi wa Uyole (Mbeya)
Mpelekee yote, hata lile lisilo na lebo, na usimfiche ni muda gani ulilipaka.