Jenereta inapoza ofisi tupu, inzi wangu wa miaka miwili wameiva kama mihogo. Nimechoka na hiki chuo!

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na mwandishi ana hasira, asiye na muda apite tu. Chuo sikitaji kwa sababu bado nakihitaji kinipe cheti.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mwaka wa tatu, maabara ya jenetiki na baiolojia ya ukuaji, hapa hapa Dar. Kwa lugha ya nyumbani: nafuga inzi. Siyo wa chooni, na siyo yule wa maembe anayewatesa wakulima tangu alipoonekana Kenya mwaka 2003. Wangu ni yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zikiiva kupita kiasi, Drosophila. Mama yangu anawaambia majirani nasomea udaktari, nami sijawahi kumsahihisha.

Ili mjue nalia nini, nieleze kidogo. Nachunguza kiungo kinavyojirudisha kikiumia. Ndani ya buu wa inzi kuna vijifuko vya seli, na viwili kati ya hivyo ndivyo vitakavyokuja kuwa mabawa. Ukiua sehemu ya seli hizo buu akiwa bado mchanga, zilizobaki zinagawanyika zinaziba pengo, na inzi anatoka na bawa zima. Wengine wanatoka na kipande. Mimi natafuta jeni inayoamua nani apone na nani abaki kilema.

Buu hachanjwi na kisu. Anawekewa jeni ya kuua seli, jeni hiyo inawashwa na protini inayoitwa Gal4, halafu juu ya Gal4 tunaweka mlinzi anayeitwa Gal80. Huyu mlinzi tunayemtumia ni wa kupenda baridi. Kwenye nyuzi joto 18 yuko macho na hakuna kinachowaka. Ukipandisha mpaka 30 analegea, Gal4 inafanya kazi yake, seli za bawa zinakufa. Ukirudisha 18 anaamka, nawe unakaa kusubiri kitakachoota. Yaani swichi ya utafiti wangu wote ni joto.

Sasa chukua kitu cha namna hiyo, kiweke Dar es Salaam, mwezi wa kwanza, halafu kata umeme.

Kumpata inzi mmoja mwenye vipande vyote hivyo siyo kazi ya wiki. Nilitumia vizazi saba. Kwenye nyuzi 25 kizazi ni kama siku 10, kwenye 18 ni karibu mara mbili. Na majike lazima wawe mabikira, maana akishapandwa anatunza mbegu za dume na hesabu yako yote inakuwa ya uongo. Kwenye nyuzi 25 una kama saa 8 tangu atoke kwenye ganda. Kwa hiyo saa 1 asubuhi namwaga wakubwa wote kwenye vichupa, saa 8 mchana nachambua waliotoka, saa 2 usiku narudi tena. Bikira unamjua tu: mweupe, kavimba, na tumboni kuna doa jeusi, choo chake cha kwanza. Nimekosa harusi ya mdogo wangu kwa ajili ya mabikira wa inzi, na hilo ukoo mzima wanalijua.

Chakula chao napika mwenyewe, sufuria kubwa na mwiko: unga wa mahindi, sukari guru, hamira, agari ya kugandishia, na dawa ya kuzuia ukungu. Hamira na sukari nanunua kwa hela yangu tangu mwaka jana mwezi wa tisa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakinikuta najaza vichupa wanauliza kama uji unauzwa.

Mbegu ya mwanzo ilitoka Bloomington, Indiana, Marekani, kwenye kituo kinachotunza aina nyingi mno za inzi kwa ajili ya maabara za dunia nzima. Afisa ugavi wetu alishika dokezo langu, yaani barua ya maombi, mkononi akaniangalia juu ya miwani: "Kijana, inzi mnaagiza Marekani? Si uende Mabibo sokoni, wapo bure." Ofisi nzima ikacheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nataka saini. Mzigo ukakaa uwanja wa ndege siku tisa, na vichupa sita kati ya ishirini vikafika na maiti.

Haya, wikiendi ya Mapinduzi. Sikukuu iliangukia Jumatatu, kwa hiyo chuo kilifungwa Ijumaa jioni. Jumapili saa 2 asubuhi niko getini.

Mlinzi: "Kibali cha wikiendi?"

Kibali kinatolewa na ofisi ambayo wikiendi haifunguliwi. Tumebishana kama dakika arobaini mpaka akasema pita, ila mimi sijakuona. Simlaumu, naye ana bosi wake.

Nikapita jengo la utawala. Jenereta inanguruma, moshi unapanda kwenye miashoki, na AC za ghorofa ya pili zinadondosha maji kwenye maua. Nilisimama nikazihesabu. Kumi na moja. Sikukuu! Mapazia yamefungwa, hakuna gari hata moja kwenye maegesho, hakuna binadamu ndani. Wanapoza viti.

Kutoka hapo mpaka jengo letu ni mwendo wa kumaliza pipi. Giza. Umeme ulikuwa umeondoka tangu Ijumaa usiku na haujarudi.

Mlango wa chumba cha inzi nilipoufungua sikuhitaji kipimajoto, nilisikia harufu ya togwa lililochacha. Inkubeta, ile mashine inayowashikilia inzi kwenye joto moja, ikizimika inabaki kabati la bati, limefungwa, limejaa viumbe vinavyopumua. Ndani ilisoma nyuzi 33. Vichupa vinatoka jasho. Chakula kimelegea kimekuwa majimaji, na wakubwa wamenasa humo kifudifudi, mabawa yamesambaa kama kumbikumbi kwenye beseni chini ya taa. Mabuu walipanda juu kutafuta hewa, wakafia kwenye pamba ya kuzibia. Kuna kichupa nilikichomoa pamba, ikatoka nao wote.

Sikuamini, nikapasua mabuu kumi waliokuwa bado wanajikunja. Hadubini yetu ya kupasulia inatumia taa ya umeme, kwa hiyo simu niliishika kwa meno nimulike. Kijifuko cha bawa kwa kawaida ukikitoa kina umbo safi, mikunjo yake imepangika kama chapati iliyokunjwa vizuri. Nilichokuta ni vipande vipande. Jaribio lilijianzisha lenyewe usiku wa Ijumaa au alfajiri ya Jumamosi, bila mimi, na hakuna mtu duniani anayejua lilianza saa ngapi.

Vichupa 62. Vyenye dalili ya uhai, 9. Niliviweka kwenye boksi la samaki, lile jeupe, na barafu za mtaani, nikapanda navyo daladala mpaka Sinza. Konda akaniuliza kaka, kibua? Wiki mbili baadaye nikajua madume wengi waliokulia kwenye lile joto ni tasa. Wanapanda, mayai yanatagwa, hayatoki. Leo nina vichupa vitatu vinavyozaa.

Sasa mnisikilize vizuri kwenye hili, maana kuna mtu atasema umeme ukikatika ni bahati mbaya. Umeme kukatika Dar siyo habari. Mimi sijaja kulalamikia umeme. JENERETA IPO. Dizeli ipo. Iliwaka wikiendi nzima. Kilichokosekana ni waya.

Dokezo la kwanza niliandika mwezi wa tatu mwaka jana. Likapita kwa mkuu wa idara, likapanda, likashuka, likafika miliki, ofisi inayotunza majengo ya chuo. Fundi umeme alikuja, kijana mzuri kabisa, akapima kwa futi na kusema mita 70 za kebo na swichi ya kubadilishia, kazi ya siku mbili. Nikafurahi kama mjinga. Dokezo la pili nikajibiwa lisubiri bajeti ya Julai. Julai ikafika, nikaandika la tatu, jibu likarudi kwamba jengo letu halimo kwenye orodha ya majengo nyeti. Nikaomba niione orodha. Utawala, chumba cha seva, nyumba ya wageni.

Nyumba ya wageni, wakuu. Mende wa nyumba ya wageni wana usingizi wa baridi kuliko mabuu niliowalea kwa miaka miwili.

Na inzi huwezi kumgandisha ukamfufua kirahisi kama bakteria. Wenzetu wa bakteria umeme ukiondoka wanahangaika na friza, lakini wana akiba ya kichupa kidogo mahali fulani. Sisi akiba yetu inatembea, inakula, inataka chakula kipya kila baada ya wiki chache iwe Idi, iwe Krismasi. Ikifa, imekufa.

Najua wapo watakaokuja na "sasa inzi wana faida gani kwa mlipakodi". Mwaka 1995 Nobel ya tiba walipewa Lewis, Nüsslein-Volhard na Wieschaus kwa kazi ya viinitete vya inzi, ya kutafuta jeni zinazopanga mwili upi mbele, upi nyuma. Moja ya jeni zilizopatikana huko ilipewa jina la kalunguyeye, kwa sababu buu aliyeharibika jeni hiyo anajaa vijiba kama miiba. Jeni hiyo hiyo binadamu tunazo ndugu zake, na mfumo wake ukichachamaa unaleta aina ya saratani ya ngozi, na dawa ya kuuzima iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Ilianza na watu wanaoangalia mabuu. Mpeni hiyo afisa ugavi, mimi simpati.

Msimamizi wangu nilimpigia Jumapili ile ile. Akanyamaza muda mrefu. Halafu: "Pole sana mwanangu. Andika dokezo." Simchukii Prof. Agari ya mwisho tuliyotumia aliibeba kwenye begi lake la nguo akitoka Ulaya. Ila amekaa pale miaka mingi mpaka anaamini dokezo ni kitendo.

Jumanne ofisini nilionana na bosi wa miliki. Nilikwenda na kichupa kimoja cha maiti nikakiweka mezani, nikamweleza kama nilivyowaeleza. Alikisogeza kwa kalamu, akauliza: "Hawa si mnaweza kuwashika wengine?" Nikatoka. Ningebaki, leo ningekuwa naandika uzi huu kutoka kituo cha polisi.

Ufadhili wangu unaisha mwezi wa kumi. Vizazi saba kwa nyuzi 18 ni kama siku 140, hapo sijapasua buu hata mmoja. Hesabu fanyeni wenyewe, mimi nikiifanya nakosa usingizi.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kwa nini sikuwa na nakala. Nilikuwa nayo. Seti mbili, inkubeta mbili, ukuta mmoja, soketi za mstari mmoja, kwa sababu chumba ni hicho tu tulichopewa. Aliyesema ningeweka betri na inveta: nimeuliza Kariakoo, inkubeta yenye kikompresa inataka inveta ya bei ya pikipiki, na mimi posho yangu inalipa chumba na uji wa inzi.

Mkuu uliyesema niache nikafundishe sekondari, nimekuelewa, usirudie.

NYONGEZA 2: Ombi la kweli sasa. Kama kuna mdau ana maabara Dar au Morogoro yenye inkubeta ya nyuzi 18 na jenereta inayofika mpaka chumbani, nitumie ujumbe. Vichupa vitatu tu, havichukui nafasi kuliko chupa tatu za tomato. Chakula nitaleta mwenyewe na kuwahamisha nitakuja mwenyewe. Kwa sasa wapo chini ya kitanda changu kwenye boksi la samaki, barafu nabadilisha mara nne kwa siku, na mwenye nyumba ameshaanza kuuliza harufu ni ya nini.