Mteja akija bila barakoa, nimkatalie au nimuuzie?

Mama Duka, Kisauni (Agosti 2020)

Assalam aleikum ndugu zangu. Nina duka la rejareja hapa Kisauni, Mombasa, mwaka wa tisa sasa. Tangu Aprili, kwa ajili ya korona, nimebandika karatasi mlangoni: BILA BARAKOA USIINGIE. Mtungi wa maji na sabuni upo. Siku zile watu walitii kwa hofu. Hakukuwa na kutoka Mombasa wala kuingia, na Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Tangu njia zifunguliwe Julai, barakoa zimeshuka kidevuni. Wengine wanazo mfukoni, wakiona gari la polisi ndipo wanazitoa.

Juzi baada ya magharibi aliingia mzee mmoja ninayemheshimu kama babangu. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza marehemu mume wangu. Hakuwa na barakoa. Nikamwambia, "Shikamoo baba, uniwie radhi, barakoa." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, leo mimi ndiyo maradhi?" Akatoka, akavuka barabara, duka la pili wakamuuzia sukari yake bila neno. Usiku sikulala.

Mamangu ana kisukari na analala chumba cha nyuma ya duka hili hili. Kwa hiyo kusema "wache tu waingie" siwezi. Lakini nataka kujua: amri hii ya serikali ya kuvaa barakoa inatekelezeka kweli dukani kwa mtu kama mimi, peke yangu, bila bawabu? Nina haki ya kumkatalia mtu? Na akikamatwa ndani, faini ni yangu? Mwezi jana askari mmoja alimkuta kijana amesimama kwangu uso wazi, akataka nitoe elfu mbili mimi mwenye duka, tumalizane pale pale. Nilitoa.

Karani wa Wakili

Pole sana dada. Hiyo elfu mbili haikuwa faini.

Kanuni zilizotolewa Aprili chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, zinamtaka kila mtu aliye mahali pa umma avae barakoa ifunike mdomo na pua, tena akae mbali na mwenzake mita moja au zaidi. Wajibu wa kuvaa ni wa yule kijana. Wako wewe mwenye biashara ni maji na sabuni au kitakasa mikono mlangoni, na kuhakikisha wateja hawabanani. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, na inatolewa na hakimu baada ya mtu kupatikana na hatia. Siku nyingine ukiombwa pesa, uliza kwa upole unashtakiwa kosa gani na kituo gani.

Kumkatalia unaweza, ila wakatalie wote. Ukimrudisha wa bodaboda kisha ukamuuzia jirani yako, huyo wa bodaboda ana haki ya kulalamika. Na usimshike mtu mkono kumtoa nje. Mamlaka hayo huna.

Bawabu wa Nyali

Mimi nasimama mlango wa supamaketi, saa kumi na mbili kwa siku. Pale mlangoni inatekelezeka kwa sababu tuko wawili, mmoja na kipima joto, mwingine na kitakasa, na wateja wengi hatuwajui kwao. Wewe unamkataza mtu mtakayekutana naye msikitini na matangani. Hilo ni zito kuliko kazi yangu.

Wasumbufu kwetu si maskini. Ni wenye magari. Mmoja alinifokea mbele ya watoto wake. Nikamwambia, "Mkubwa, niandikie unachotaka, nitakuletea hapa hapa." Akanyamaza, akarudi garini, akaja amevaa. Tangu siku hiyo sisemi "huruhusiwi", nasema "nikuletee nini?" Lakini sikufichi, wakishaingia ndani, simu ikilia tu barakoa inashushwa, na sisi hatuwezi kumfuata kila mtu kwenye rafu.

Fundi Cherehani, Majengo

Ongezeni na la pesa. Mwezi wa nne nilikuwa nashona moja kwa shilingi 100. Leo zile za buluu barabarani ni 20, na hata hiyo 20 ni mboga ya mtu. Nyumba ya watu sita watanunua ngapi? Ndiyo maana unaona moja inavaliwa wiki nzima bila kufuliwa, ama mama anamvua mtoto avae yeye aingie dukani. Hilo la kuazimana ni baya kuliko kukosa. Mama Duka, nitakupa za kitambaa kwa bei ya jumla, weka kando ya mizani. Asiye na pesa mwandikie kwenye daftari la deni kama unavyoandika unga.

Muuza Dawa, Tanga

Huku kwetu hakuna amri ya barakoa madukani. Nimeweka ndoo ya maji tiririka na mstari wa rangi sakafuni mwenyewe, kwa sababu wanaokuja kwangu ni wagonjwa. Wengi wanasimama kwenye mstari bila kuambiwa. Barakoa ndiyo ngumu.

Mama Duka, Kisauni

Ahsanteni nyote, nimesoma kila neno. Nimetoa meza ya kupimia unga nikaiweka mlangoni, nikafunga kamba. Sasa haingii mtu, wa barakoa wala asiye nayo. Nimevaa mimi, nauliza "nikuletee nini?", wao wanasimama barazani penye upepo. Pesa wengi wanatuma kwa M-Pesa, maana chini ya 1,000 haikatwi ada tangu Machi. Biskuti na vitu vya kuonwa kwa macho mauzo yameshuka, hilo ni kweli.

Fundi, nilipokea kumi. Mbili nilimpelekea mzee nyumbani kwake, na sukari kilo moja, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Alizipokea, akaniombea dua. Dukani bado hajaja. Anamtuma mjukuu wake, na mjukuu anakuja amevaa.