Naomba ushauri: maisha ya Lin Rong-san niyaanzie wapi?

Wanajukwaa, salamu kwenu. Ninaandikia jarida la wanafunzi wenzangu makala kuhusu wenye magazeti wa Asia, nami nimekwama kwa Lin Rong-san wa Taiwan, aliyezaliwa Luzhou, jirani na Taipei, mwaka 1939 na kufariki Novemba 2015. Alitajirika kwa ardhi na majengo, akachaguliwa mbunge mwaka 1975, kisha akaingia Baraza la Udhibiti, chombo cha kuikagua serikali, na mwaka 1980 akanunua gazeti ambalo leo linaitwa Liberty Times. Nikianza na mali, makala inakuwa tangazo la tajiri. Nikianza na siasa, gazeti linapotea. Nishike lipi?

Mkaa Pwani:
Ndugu yangu, anza na hilo neno "akanunua". Mtu mwenye fedha kiasi kile angeshindwaje kuanzisha gazeti lake mwenyewe? Taiwan ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu 1949, serikali haikutoa leseni mpya, magazeti yalibaki 31, na hata kurasa zilihesabiwa zisizidi 12, kwa hiyo aliyelitamani gazeti alilazimika kumwendea mwenye leseni, hata kama kilichouzwa kilikuwa kijigazeti dhaifu. Aliyoinunua hasa ni ile leseni. Zuio hilo la leseni mpya liliondolewa tarehe 1 Januari 1988, naye tayari alikuwa ndani.

Msomaji wa Jioni:
Nakubali, ila usiiruke dhahabu. Wapinzani wake wakubwa, United Daily News na China Times, walikuwa na wasomaji wa miaka mingi, na wenye magazeti hayo waliketi katika kamati kuu ya Kuomintang, chama kilichotawala wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Lin aliwavuta wasomaji kwa zawadi za dhahabu, hata ikawa mtu analipia gazeti huku jicho liko kwenye zawadi. Wengi walimcheka. Lakini ni gazeti hilo lililokuja kuwa sauti ya wanaoihesabu Taiwan kuwa nchi yenyewe, si sehemu ya China, ingawa Lin naye alikuwa mtu wa Kuomintang, aliyemuunga mkono Rais Lee Teng-hui.

Bibi Karani:
Mwanangu, wenzako wamelisahau Baraza la Udhibiti. Kazi yake ni kuwachunguza na kuwashtaki watumishi wa umma na kukagua hesabu za serikali, na Lin alifika hadi kuwa makamu wa mkuu wake mwaka 1992. Serikali iliporuhusu benki mpya za binafsi, familia yake ilikuwa nyuma ya Union Bank of Taiwan. Mtu mmoja ana ardhi, benki, gazeti na kiti cha kuwachunguza wakubwa: yeye alichunguzwa na nani? Swali hilo likae juu kabisa.

Mleta uzi:
Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Nitafungua na leseni, swali la Bibi lifuate papo hapo, na dhahabu nitaipa nafasi kubwa kuliko nilivyokusudia. Taipei Times, gazeti la Kiingereza alilolianzisha mwaka 1999, litatosha kwa sentensi moja.