Neno moja Ijumaa mchana linaua muswada, halafu tunaambiwa tuzidi kusaini!

Wanabodi,

Haya makundi ya shinikizo ya Uingereza yanakera. Yakishapata mbunge wa kubeba muswada binafsi, yaani muswada unaoletwa na mbunge asiye waziri, yanawatangazia wafuasi ushindi. Ushindi gani? Muswada wa serikali una muda wa Bunge na wanadhimu wa kuchunga kura. Muswada binafsi umetengewa Ijumaa 13 tu katika kipindi kizima cha Bunge, kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana.

Wabunge wanachezeshwa bahati nasibu, yanatoka majina 20. Saba wa mwanzo ndio wenye uhakika wa miswada yao kujadiliwa ya kwanza siku yao. Kuanzia wa nane ni foleni, unaomba wa mbele yako amalize mapema.

Na huyo wa mbele akikutana na mpinzani mwenye pumzi? Kwa desturi hotuba za Ijumaa hazipimwi kwa saa. Mtu anasimama, anachambua koma na nukta mpaka saa 8:30 inagonga, muswada umekufa bila kupigiwa kura. Dawa ipo: hoja ya kufunga mjadala. Lakini lazima Spika aikubali, na wanaoiunga mkono wasipungue 100. Kura 99 kwa sifuri, imeanguka! Na Ijumaa ndiyo siku ambayo wabunge wengi wameshaondoka kwenda majimboni. Kwa hiyo kundi linalojisifia sahihi laki tano huku halina orodha ya wabunge 100 watakaokuwa ukumbini siku hiyo mchana linawapotezea watu muda.

Saa 8:30 ikipita, miswada iliyobaki inasomwa vichwa tu. Hapo inatosha mbunge mmoja kusema "napinga", bila kutoa sababu. Juni 15, 2018 muswada wa kuharamisha kupiga picha chini ya sketi za wanawake ulizuiwa hivyo hivyo, na aliyeuzuia alikuwa wa chama tawala. Umekuja kuwa sheria 2019 kwa sababu serikali yenyewe iliuchukua ukawa wake.

Vyama navyo visijifiche nyuma ya "wabunge wetu wako huru". Muswada ukigusa hazina, unahitaji azimio la fedha, yaani ridhaa ya Bunge ya kutumia fedha za umma, na serikali pekee ndiyo inayolileta; chama tawala kisipotaka, muswada unakwama. Mwaka huo huo wa 2018 muswada wa mipaka ya majimbo, ulioshapita kusomwa mara ya pili, ulikwama kwenye kamati. Kamati inakutana, inaahirisha, inakutana tena, haigusi hata kifungu kimoja, kisa azimio halikuletwa.

Tunachodai ni hiki: mjadala ukifika saa 8:30, Spika awahoji wabunge, kura zipigwe. Anayetaka kuua muswada auue kwa kura, jina lake liandikwe. Na ninyi viongozi wa makundi, kabla hamjatuomba sahihi nyingine, semeni mbunge wenu alitoka namba ngapi kwenye bahati nasibu.